Adija, Mtwangaji wa Majongoo wa Pwani

Mapipa ya Bwana Samaki yalinuka kabla hayajaonekana. Wapagazi waliyabeba kwa mzegazega kutoka Lindi, wawili wawili, pua zimefungwa vitambaa, na kila mji waliopitia watu waliwakataza kutua. Yakikaribia Nanganga, wanawake waliokuwa wakichota maji mto Lukuledi walijitwisha mitungi ikiwa nusu wakaondoka zao. Mbwa wachache waliosalimika na njaa walifuata nyuma, wakanusa, wakapiga chafya, wakarudi.

Ndani ya mapipa mlikuwa na majongoo wa pwani. Mtu wa bara alimjua jongoo wa shambani, yule mweusi mwenye miguu mingi anayejikunja akiguswa, na hata huyo hakuna aliyependa kumshika. Huyu wa pwani hakuwa na mguu, wala jicho, wala mfupa. Alikuwa mnene kama muhogo, ngozi imejaa vipele, na akibinywa alitoa utumbo wake kwa nyuma, na pamoja na utumbo nyuzi nyeupe zinazonata kama ulimbo wa kutegea ndege. Baada ya safari ndefu juani, katika maji ya chumvi yaliyochachuka, wengi walikuwa wameanza kuyeyuka. Kifuniko kikiinuliwa, kilichotoka hakikuwa harufu tu. Kilikuwa kama pumzi ya mtu mgonjwa anayekupumulia usoni.

Aliyekuwa akiinua vifuniko hivyo na kutia mikono yake ndani hadi kwenye viwiko alikuwa mwanamke mmoja wa Masasi, jina lake Adija, ambaye watu walimwita Mama Shamte.

Wote waliomjua walishangaa kwamba ni yeye. Adija alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Hakula kwenye nyumba ambayo kuku hupanda juu ya jiwe la kusagia. Akikuta unywele kwenye ugali hakuutoa akaendelea, aliondoka. Mama yake alikuwa akimwambia kwamba ataolewa na mto, maana ndio pekee utakaomridhisha kwa usafi. Aliolewa na Halfani, mkulima na mchuuzi mdogo wa chumvi, mtu mtulivu aliyejua kunawa kabla hajaambiwa.

Vita vya Majimaji vilipoingia, Halfani alinyunyiziwa ile dawa kama wenzake. Alirudi nyumbani shingo na kifua vimelowa, akamwambia mkewe kwamba risasi za Mdachi sasa zitakuwa maji. Adija alimwangalia matone yakimtiririka kifuani, mchanganyiko wa maji na unga na mizizi fulani, akarudi nyuma hatua moja. Siku chache baadaye Halfani alianguka ng'ambo ya mto pamoja na wengine wengi, na waliosalia walisema risasi zilikuwa risasi.

Kisha askari wakachoma maghala. Mtama ukaungua ukiwa bado kwenye masuke. Watu wakaingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwitu, na ming'oko ilipokwisha karibu na miji, wakachimba mizizi mingine inayotaka kulowekwa na kubadilishiwa maji mara nyingi isije ikaua. Shamte, mtoto wake wa pekee, hakungoja. Alikuta mizizi kwenye chungu, akala. Alitapika kutwa nzima mikononi mwa mama yake, na jua lilipotua alikuwa ameshapoa. Adija alibaki na jina la mtoto na mdogo wake wa kike, Kibibi, aliyeolewa Nanganga na kijana mmoja aitwaye Hamidu.

Ndivyo alivyofika Nanganga. Na huko ndiko alikokuta mabwawa.

Mdachi aliyeyachimbisha hakuwa askari wala mmisheni. Jina la kwao lilikuwa gumu, watu wakamwita Bwana Samaki. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na hakupiga mtu kwa mkono wake. Kazi ya kupiga alimwachia mlinzi wake, Sadallah, aliyekuwa na kiboko kiunoni. Kazi ya kusimamia watu alimwachia mnyapara mmoja wa Mikindani, Mahmudu, mwenye kanzu na maneno matamu. Alikuwa na mabwawa manne kando ya mto, na kila bwawa lilikuwa na perege.

Mahmudu alitangaza kwamba bwana anataka mwanamke wa kutwanga na kupika, na posho ni mtama. Wanawake walijaa uani. Pipa la kwanza lilipofunguliwa, wakatawanyika. Adija naye aliondoka, akafika nyuma ya kichuguu, akatapika maji matupu maana hakuwa na kitu tumboni. Kisha akajifuta mdomo, akarudi. Kibibi alikuwa amelala kwenye mkeka nyumbani, miguu imevimba kwa njaa.

"Nitafanya," alimwambia Mahmudu.

"Una kinu, Mama Shamte?"

"Ninacho cha mama yangu."

"Kilete," alisema Mahmudu. "Lakini jua hakitarudi kwenye chakula."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alimpasua jongoo kwa kisu, akamkunjua kama mfuko. Ndani mlikuwa na vishada vyeupe, vyembamba kama nywele za muhindi mbichi. Hivyo ndivyo alivyovitaka bwana, kwani ndimo ulimokuwa udume wa mnyama. Vilivyobaki, yaani ngozi na nyuzi zile za kunata, vilitupwa kwenye shimo lililofunikwa kwa mbao mbali na maji, na bwana alikuwa amewaonya wote kwamba vile ni sumu kwa samaki. Vile vishada Adija alivitwanga, akavichemsha pamoja na pombe kali iliyotoka kwenye chupa za bwana, akachuja kwa kitambaa, akachemsha tena mpaka kikabaki kitu kizito cha rangi ya kahawia kama asali mbaya. Kisha akakikanda na pumba za mtama, akafinyanga vidonge, akawarushia samaki.

Kutwanga ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Mchi haukulia kama unavyolia kwenye nafaka. Ulizama, ukanyonywa, ukitolewa ukavuta nyuzi. Kamasi lilipanda na mti wa mchi mpaka viganjani, na vitone viliruka vikamwingia mdomoni alipohema. Akirudi nyumbani alijisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu mpaka ngozi ikachubuka. Kibibi alikula ugali aliopika dada yake huku akigeuza uso, na Adija hakumlaumu. Mwenyewe alikula kwa kijiti ili asisikie vidole vyake.

Siku moja alimwuliza bwana sababu ya yote haya. Bwana alikuwa amekaa kwenye meza yake chini ya kibanda, anapasua perege. Alikuwa na mkate pembeni, na kisu alichopasulia samaki alikifuta kwenye suruali akakatia mkate, akala. Adija alitazama kando.

"Ndani ya mwili iko maji kidogo," alisema bwana kwa Kiswahili chake cha kambini. "Inatembea na damu. Inaambia mwili: wewe dume, wewe jike. Jongoo yuko nayo. Mimi nataka kujua, samaki akila ya jongoo, atasikia?"

Akamwonyesha. Kwenye kibao cha kushoto kulikuwa na perege jike wa bwawa lisilopewa kitu, tumbo limejaa mayai ya manjano kama punje za ulezi. Kwenye kibao cha kulia kulikuwa na jike wa bwawa lililolishwa vidonge. Mayai yake yalikuwa madogo, yamesinyaa, mengine yamekuwa kamasi tu.

"Anasikia," alisema bwana, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli.

Adija aliyajua hayo tayari kwa kuyatazama mabwawa. Perege dume huchimba kiota mchangani, huwa mweusi, hufukuza wenzake. Jike hubeba mayai na vitoto mdomoni. Katika mabwawa ya vidonge, majike walikuwa wameanza kuingia weusi. Walichimba viota wasivyokuwa na la kufanya navyo. Waling'atana mapezi mpaka yakawa matambara. Na wale vitoto waliokuzwa kwa vidonge tangu walipokuwa wadogo kama punje, bwana alipowapasua, karibu wote walikuwa madume. Aliwashika hai mmoja mmoja, akawabinya tumbo kwa kidole gumba kwenda nyuma mpaka maji meupe yakatoka, akayapokea kwenye kioo. Alifanya hivyo mbele ya mwanamke mzima aliyeweza kuwa dada yake, wala hakuona aibu. Adija alijifunika mtandio usoni akasingizia jua.

Lakini hata hayo alikuwa ameshaanza kuyazoea, kama mtu anavyozoea donda. Asilozoea lilikuwa shimo la pili, shimo la moto. Samaki waliopasuliwa hawakuliwa. Bwana alisema hajui bado nyama yao itafanya nini mwilini mwa mtu, na hilo labda lilikuwa kweli. Aliwamwagia mafuta ya taa, Sadallah akawasha. Watu wa Nanganga walisimama nje ya ua, mbavu nje, wakanusa samaki wanavyoungua. Kulikuwa na mama mmoja mkongwe aliyekuja kila wakichoma, akakaa upande unakoelekea moshi, akafumbua mdomo.

Na pumba wanazokula samaki zilikuwa pumba ambazo watoto walizililia.

Mvua za mwaka ule zilinyesha vizuri. Mtama ulichipua, maboga yakatambaa, na Kibibi, ambaye alikuwa ameolewa miaka minne bila mtoto, akapata mimba. Alimwambia dada yake kwanza, kabla ya mumewe, wakiwa wanapepeta nafaka.

"Dada, mwezi wa tatu sasa sijaona."

Adija aliweka chini ungo aliokuwa ameshika. Tangu Shamte afe hakuwa amecheka. Hata siku ile hakucheka, lakini alimshika mdogo wake kichwa kwa mikono yote miwili, akakumbuka mikono ilivyo, akaitoa.

"Mungu akupe wa kike," alisema. Kwa watu wao ukoo hufuata tumbo la mama. Mtoto wa kike ndiye anayeuendeleza mji.

Hamidu hakuwaza hivyo. Kaka zake wote watatu walikufa vitani, na yeye mwenyewe alirudi na risasi kwenye nyonga, mguu unaburura. Alichotaka ni mwanamume atakayekaa naye, atakayechukua jina la mmoja wa wale watatu. Na Mahmudu mnyapara alimsikia akisema hivyo kwenye kilabu cha pombe.

Mahmudu alikuwa ameanza biashara yake kitambo. Kila chungu kilipoiva alijichotea kidogo kwenye chupa. Aliwapa wanaume wazee kwa kubadilishana na kuku, akiwaambia ni dawa ya nguvu. Wakaharisha, na bado wakamsifu. Sasa alimwambia Hamidu: "Umewaona samaki wa bwana? Wote wanazaliwa madume. Mzungu si mjinga kuja mbali hivi. Mkeo akinywa sasa, kabla mtoto hajaamua, utapata mwanamume."

Hamidu akatoa jogoo wake wa mwisho.

Adija aligundua kwa pua. Alimkuta Kibibi amekaa ukutani, uso umetoka jasho, na alipoinama kumuuliza, pumzi ya mdogo wake ilimfikia. Hakuna mtu duniani aliyeijua harufu ile kama yeye.

"Umekunywa nini?"

"Dawa ya mtoto. Hamidu kaniletea. Chungu sana, dada. Imeninata kooni, haitelemki."

"Mara ngapi?"

"Tangu juzi. Asubuhi na jioni."

Adija alisimama. Alijiona yeye mwenyewe akitwanga, mchi ukizama na kutoka, akijua sasa kitu kile kilikuwa kinaelekea wapi. Akaingia ndani, akaitafuta chupa, akaikuta nyuma ya mtungi. Hamidu alikuwa mlangoni.

"Iache, shemeji," alisema Hamidu.

"Unajua ni nini hiki?"

"Ni dawa."

"Ni utumbo wa mdudu uliooza kwenye pipa. Mimi ndiye niliyeukamua. Majike wakiula, Hamidu, mayai yanakauka ndani yao. Nimeyaona kwa macho yangu kwenye kibao, yamekuwa makamasi. Wewe umempa mkeo."

"Hao ni samaki," alisema Hamidu, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Halfani naye alinyunyiziwa dawa. Na kaka zako. Mlikuwa pamoja. Hamkutosheka?"

Hamidu alikaa chini pale pale mlangoni, mguu mbovu ameunyoosha mbele, akatazama ardhi. Adija alimruka, akaenda kumwaga chupa mbali, akachimba kwa jembe akafukia.

Haikusaidia. Siku iliyofuata Kibibi alitapika kitu cheusi, akaharisha, akatetemeka, na mchana tumbo likamkata. Wanawake wa jirani waliingia, wanaume wakatolewa. Kilichotoka kilikuwa kidogo cha kukaa kiganjani. Adija alikipokea kwenye kipande cha kaniki yake safi, aliyokuwa ameiweka kando isiguswe na kazi ile, akakizika nyuma ya nyumba chini ya mgomba. Kibibi aliishi. Hakulia. Alilala akiutazama ukuta, na kila akiletewa uji alisema, "Unanuka."

Adija alikwenda kwa Mahmudu. Alimkuta anakula.

"Mama Shamte, ni amri ya Mungu," alisema Mahmudu kabla hajaambiwa kitu. Habari zilikuwa zimemfikia. Alilamba mafuta ya kuku kwenye kidole. "Na pengine alikunywa nyingi. Watu hawafuati maelezo."

Adija alikitazama kile kidole kikiingia na kutoka mdomoni. Hakumtukana. Aliona hata tusi, likitoka kwake kumwendea mtu yule, litamrudia limelowa. Akageuka, akaenda kwa bwana mwenyewe.

Alikuwa na tumaini, ndio ukweli. Alifikiri bwana ni mgeni wa mambo ya watu, lakini si muuaji. Alikuwa ameonya juu ya shimo la sumu, alikuwa amekataza watu kula samaki wake. Akisikia kwamba mnyapara anawanywesha watu dawa, atakasirika. Labda atafunga kazi.

Bwana Samaki alimsikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa. Aliuliza mwanamke alikunywa kiasi gani, na mimba ilikuwa ya miezi mingapi. Adija alijibu. Kisha bwana akauliza, kwa sauti ile ile ya upole:

"Mtoto alikuwa dume ao jike?"

"Alikuwa bado hajawa kitu, bwana."

"Hapana, iko kitu. Kama wewe hujui kutazama, mimi najua." Aliinuka, akachukua kichupa cha kioo kwenye rafu, akakishika kwenye mwanga aone kama ni safi. "Mmezika wapi?"

Adija alikitazama kichupa. Kilikuwa kama vile vya samaki, vilivyopangwa mstari nyuma yake, kila kimoja na kitu cheupe kinaelea. Alisikia mwili wote ukisisimka, kuanzia utosini, na mate yakamjaa mdomoni kama siku ile ya pipa la kwanza. Lakini hakutapika.

"Walitupa mtoni," alisema. "Kimekwenda na maji."

"Pole," alisema bwana, na ilionekana kwamba pole ile ilikuwa ya nafsi yake mwenyewe. "Wakati mwingine uniambie mapema. Na Mahmudu nitamkata posho. Dawa ni ghali."

Adija alitoka. Jua lilikuwa juu, saa ya watu kupumzika. Sadallah alikuwa amekaa kivulini kando ya shimo la sumu, kiboko mapajani. Adija alikwenda moja kwa moja, akaondoa mbao. Uvundo uliotoka ulimfanya Sadallah aruke asimame.

"Mama Shamte, unafanya nini?"

"Shikamoo, Mzee Sadallah," alisema Adija, kwani yule mlinzi alikuwa mtu wa makamo, mwenye mvi.

"Marahaba. Nimekuuliza unafanya nini."

"Namalizia kazi."

Alichukua ndoo, akateremka shimoni kwa miguu mitupu. Kitu kilimfikia magotini, kikiwa na joto, kikitembea kwa funza. Alijaza ngozi na nyuzi na maji yake mazito, akapanda, akaenda kwenye bwawa la kwanza, akamwaga. Maji yalipokea kwa povu. Akarudi. Sadallah alitazama kibanda cha bwana, akamtazama Adija, akatazama nje ya ua ambako watu wawili watatu walikuwa wameshaanza kusimama. Yeye naye alikuwa na watoto, nao walikula anachokula mlinzi, yaani kidogo. Alikigeuza kigoda chake, akakaa tena, akawapa mabwawa mgongo.

Adija alimwaga katika mabwawa yote manne, hata lile lisilopewa kitu. Hakutaka libaki hata moja la kulinganisha. Kwenye bwawa la kwanza perege walikuwa tayari wanazunguka juu ya maji wakihema, kisha wakalala ubavu, kisha wakageuka matumbo juu, weupe, mpaka maji hayakuonekana. Mtu wa kwanza aliruka ua. Akafuata wa pili. Halafu ua ukaanguka, watu wakaingia na matenga, na mitungi, na kanga, na mikono.

Bwana alitoka mbio bila kofia, akipiga kelele kwa Kijerumani, akiwanyang'anya watu samaki mmoja mmoja na kuwapekua matumbo, akijaribu kujua yupi ametoka bwawa lipi. Hakuna aliyemwambia. Watu waliwatoa matumbo samaki pale pale, wakawasafisha mtoni, wakawabanika vizuri mpaka wakakauka, na jioni ile Nanganga nzima ilinuka samaki wa kuchoma. Hakufa mtu. Yule mkongwe aliyekuwa akila moshi alikula kichwa na mifupa.

Alimletea Adija kipande kwenye jani. "Kula, mwanangu. Umetulisha."

Adija alikipokea kwa heshima, akakishika mpaka mkongwe akaondoka, akamtupia paka aliyekuwa ukingoni. Alikuwa amekaa mtoni tangu alasiri, maji hadi kifuani, akijisugua miguu kwa jiwe. Ngozi ilikuwa inatoka damu na bado aliiona imelowa.

Kabla ya mapambazuko alimwamsha Kibibi, wakaondoka. Kinu cha mama yake alikiacha uani kwa bwana. Walipita Masasi bila kusimama, wakalala Lupaso kwa ndugu, kisha wakaukabili uwanda wa juu. Sadallah alipoulizwa alisema amewaona wakielekea Ruvuma, na askari waliotumwa walikwenda huko wakarudi na kuku. Bwana Samaki hakukaa mwaka mwingine. Wengine walisema alipata homa, wengine kwamba kwao walimwita. Mahmudu alirejea pwani na chupa zake, na inasemekana alistawi.

Adija aliomba shamba Mkunya, kwa Wamakonde. Walimuuliza kwa nini mtu wa bondeni aje juu huku kusiko na maji, ambako wanawake hushuka mteremko mrefu kuchota mtungi mmoja. Aliwajibu kwamba huku hakuna samaki. Walicheka, wakampa. Alilima mtama na muhogo. Alijifunza Kimakonde kwa lafudhi iliyowachekesha watoto. Hakuolewa tena. Alikuwa akinawa kwa kikombe kimoja kidogo, kidole kwa kidole, bila kumwaga tone, na wachuuzi wa ng'onda, samaki waliokaushwa kutoka pwani, walijua kwamba wakifika karibu na nyumba ile wapite upande wa pili. Chakula cha mikono ya watu hakukila. Aliwaogopa waganga wa kila namna, wa vibuyu na wa chupa, na wenye kanzu na wenye kofia, na mtoto wa jirani akipewa dawa Adija aliondoka mahali pale.

Hamidu alikuja msimu uliofuata, baada ya mavuno. Alipanda mteremko wote kwa mguu wake mbovu, na jogoo mikononi. Alikaa mbali kidogo na mlango, kama mtu anayejua alivyo.

"Shikamoo, shemeji," alisema.

"Marahaba."

"Nimekuja kumwona mke wangu."

Kibibi alitoka. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele zimesukwa. Alimtazama Hamidu kwa muda, kisha akaingia ndani, akarudi na kata ya maji, maji aliyopanda nayo mwenyewe asubuhi ile, akampa kwa mikono miwili. Hamidu alikunywa. Koo lake lilipanda na kushuka. Adija, aliyekuwa anamenya muhogo, aligeuza uso asimwone anavyomeza.

"Nilitaka mtoto tu," alisema Hamidu.

"Najua," alijibu Kibibi. "Nenda na jogoo wako. Mteremko ni mbaya jua likishakuwa kali."

Hamidu aliweka kata chini taratibu, akainuka. Alipopotea nyuma ya mihogo, Kibibi aliiokota ile kata, akasita nayo mkononi. Adija akamnyooshea mkono, akaipokea, akaenda kuisugua kwa majivu.